Mikono ya Perrine

Binti mfalme Ulrike alikaa mbele ya turubai nusu saa, uso ukachorwa, akaenda zake kupanda farasi. Kukaa kulikobaki kulikuwa kwa Perrine. Alivalishwa gauni la hariri la binti mfalme mwenyewe, likabanwa kwa pini mgongoni kwa sababu lilimpwaya, akaweka mkono wake wa kulia juu ya mto wa mahameli. Dada yake Honorine, mchoraji, akasogeza kioo, ili mkono mmoja uonekane miwili, akachanganya rangi.

Walifanya kazi hivyo tangu walipokuwa kwenye kasri la Versailles. Wakubwa hawana saa za kupoteza kwa ajili ya vidole. Lakini baada ya kuikimbia Ufaransa mambo yalibadilika kidogo. Kule Italia, kila picha ilipokauka, Perrine alipoteza kidole kimoja. Hakukuwa na damu. Ngozi ilifunga laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Picha tano zikaumaliza mkono wa kushoto. Hii ya sasa ilitaka mikono miwili, na dada wote wawili walijua itauchukua mkono uliobaki wote.

"Mchore binti mfalme vidole vyake mwenyewe," Perrine alisema.

"Umeviona? Soseji tano kila upande. Picha ikimfikia bwana harusi, atavunja posa."

"Basi avunje."

"Perrine."

"Nimesikia, dada. Ila acha kunichekesha, hizi pini zinachoma."

Katika nchi hii mgeni mchoraji asiye na kazi hurudishwa mpakani ndani ya wiki, na ng'ambo ya mpaka, Ufaransa, waliowahi kuchora malkia walikuwa wanakatwa vichwa. Honorine alikuwa amekwenda jikoni kuomba mikono mingine. Wanawake wakaficha yao chini ya aproni. "Habari zenu tunazo, mama," mpishi mkuu alimwambia. "Sisi hapa tunakandia mkate."

Perrine alikuwa na mtoto, Bastien, wa miaka sita, aliyeachwa kwa yaya katika mji wa Lyon, Ufaransa. Mtoto huyo alimjua mama yake kwa mwandiko tu. Basi kila alipovua gauni Perrine aliketi kumwandikia barua za miaka ya mbele: ya kutimiza miaka saba, ya minane, ya tisa. Alitaka kuifikia ya miaka ishirini. Honorine, ili kumpa nafasi ya kuandika, alichora pazia la nyuma, akalifuta, akalichora tena jekundu, akalifuta.

Siku ya nne msimamizi wa kasri, Bwana von Rieth, akaingia na kofia kwapani.

"Pazia limetosha, Bibi."

"Bado kivuli, Mheshimiwa. Siku mbili."

"Farasi wa kuipeleka picha wameshafungwa kwenye gari." Akamtazama Perrine kwa huruma ya kweli. "Poleni. Mchoraji aliyewatangulia, Mhispania, mkewe alikuwa anakaa kwa ajili ya shingo. Mwanamke mcheshi sana yule."

Honorine akamalizia mikono jioni ile. Hakuwahi kuchora mizuri kuliko hiyo. Asubuhi Perrine alikuwa kwenye barua ya miaka kumi na mmoja, anamwambia mwanawe ale supu na asiwapige watoto wadogo kuliko yeye, rangi ya picha ikakauka, kalamu ikaanguka mezani. Alingoja wino ukauke, akaikunja karatasi kwa viwiko.

Bwana harusi alifurahi. Inasemekana aliibusu turubai pale kwenye vidole, na harusi ikapangwa mwezi wa tano. Bwana von Rieth akaja mwenyewe na habari: shangazi wawili wa bwana harusi wanataka nakala, kila mmoja yake.

"Mikono imekwisha, Mheshimiwa," Honorine alisema.

Bwana von Rieth akaangalia mikono ya Honorine iliyokuwa inafuta brashi.

"Na hiyo?"

Honorine naye akaiangalia. Nakala mbili, mikono miwili. Kisha akaweka mkono wa kushoto juu ya mahameli na kushika brashi kwa wa kulia. Perrine akavuta kiti, akakaa karibu.

"Legeza kidole gumba, dada," alisema. "Umekikaza."

Honorine akakilegeza, akaanza.