Kamba ya Kompyuta

Mzee Dismasi alishasema wazi: leo ndiyo mara ya mwisho. Tangu kiharusi kiulaze mkono wake wa kulia alikuwa amechoka kufanywa mtoto, na mashine ya mazoezi aliyoundiwa na binti yake Regina ilimchosha kuliko dawa. Regina naye alikuwa roho mkononi. Akishindwa leo, mkono uliomlea ungebaki ukining'inia hivyo hivyo.

Mashine yenyewe ilikuwa mpini wa chuma wenye mota, umekazwa kwenye meza ya sebuleni kwao Ujiji. Mzee alivaa miwani iliyomwonyesha ziwa na wavu wa dagaa. Akivuta mpini, mota nayo humvuta, ahisi uzito wa kamba. Kwa kuwa vidole havikushika, Regina alimfunga kifundo cha mkono kwenye mpini kwa mkanda.

"Kamba gani hii, laini kama uji," mzee alinung'unika.

Neno lile lilimchoma Regina. Akaongeza ugumu wa kamba kwenye kompyuta, akaongeza tena, hasira zimemtangulia. Mpini ukashtuka. Kompyuta ilichelewa kidogo tu kusahihisha nguvu ya mota, na kila sahihisho likawa teke jipya. Mota ikanguruma, mkono wa mzee ukarushwa huku na huku. Kitufe cha kuizima kwa dharura Regina alikuwa hajakifunga kwenye mashine bado, uzembe wake mwenyewe, na plagi ilikuwa kule mlangoni. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Akaurukia mpini, akaufumbata pamoja na mkono wa baba yake. Mtikisiko ukapungua, maana kiganja kilichokaza huumeza. Lakini akiachia kukimbilia plagi, chuma kingevunja kile kifundo.

Mzee alikuwa akijitahidi kujinasua. Miaka yote ziwani aliwafundisha vijana wake hivyo: kamba ikikurusha iachie, la sivyo itakwenda nawe majini.

"Baba, hii usiiachie. Ikaze."

"Mkono umekufa, Regina."

"Ikaze hivyo hivyo."

Chini ya kiganja chake Regina akahisi kidole cha baba kikijikunja, kisha vingine, kwa shida. Hakuwa amewahi kuogopa vile. Akaachia, akakimbia. Nyuma yake mota ilinguruma lakini haikupiga, naye akaing'oa plagi.

Aliporudi alikuwa analia, anaomba radhi. Mzee wala hakumsikiliza. Bado alikuwa ameushika mpini, jasho likimtiririka chini ya miwani.

"Washa tena," alisema. "Hiyo sasa ndiyo kamba."

Regina alifuta machozi, akaenda kwanza kufunga kile kitufe cha dharura.