Waliotangulia Kwenye Foleni

Jumatatu saa moja asubuhi, mshonaji wa mtaa wa nyuma alifunika cherehani yake, akavaa barakoa aliyoishona mwenyewe, akaenda zahanati kuchanjwa. Gonjwa lilikuwa limeshachukua majirani wanne, na yeye hakuwa mbishi. Mlangoni akapewa kadi namba kumi na nane. Alipotafuta pa kukaa, akamkuta mume wake kwenye benchi la ukutani, ameshika kadi namba arobaini na moja.

Mume huyo, fundi saa, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, palepale kwenye benchi, akisubiri kuitwa apimwe kifua.

"Umependeza," alimwambia mkewe.

"Hujaitwa tu?"

"Bado. Kaa basi, miguu itakuuma."

Akakaa. Wakaongea habari za paa lililovuja na za binti yao aliyejifungua mapacha. Namba kumi na nane ilipoitwa, mshonaji hakuinuka.

"Mama, zamu yako," alisema muuguzi.

"Mwenzangu amenitangulia, sista. Aanze yeye."

Muuguzi akafunua daftari. "Huyu tulishamfuta."

"Mlimfuta kabla ya kumwita."

Hakuwa peke yake. Muuza mkaa alimkuta dada yake, bado ana miaka minne, akisubiri tangu mwaka wa surua. Mwalimu wa hesabu alimkuta babu yake, aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Hakuna aliyetaka kuwaruka watu wake. Walikaa nao hadi adhuhuri, wakapiga soga, wakarudi nyumbani bila kuchanjwa. Gari la matangazo likapita mitaani likiwaambia watu waache kuogopa sindano na kusikiliza uzushi. Mshonaji, aliyeshika sindano tangu ana miaka tisa, alilisikiliza hadi likakata kona.

Siku ya tano muuguzi alisimama mlangoni akaita, kwa sauti yake ya kila siku, "Arobaini na moja."

Fundi saa akafunga vifungo vya shati, akaingia. Muuguzi alimsikiliza kifua mbele na nyuma, bila haraka, akamuuliza maumivu yalianza lini, akayaandika yote.

"Pole kwa kusubiri, baba."

"Ahsante. Nimeshapoa."

Kisha mkewe akapandisha mkono wa gauni, akachanjwa. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kutunga uzi.

Walirudi pamoja, mume akimbebea mfuko kwa sababu bega lilianza kuuma. Kwenye kona ya kinyozi akaaga, akashika njia yake, mwepesi kama mtu aliyemaliza shughuli. Mchana ule mshonaji alilala usingizi mtamu.

Kwa wiki mbili muuguzi aliita kwanza waliotangulia, kisha walio hai, na mtaa mzima ukachanjwa. Wakubwa wakalipongeza gari la matangazo. Muuguzi akahamishiwa kwingine kwa kuchelewesha foleni. Daktari wa zahanati aliendelea kufika saa tano na kuondoka saa sita.

Mwezi uliofuata mke wa fundi viatu aliingia kwa mshonaji. Mumewe alikwenda zahanati Jumanne akiumwa tumbo, akafia kwenye benchi kabla ya kuitwa.

"Nataka koti lake," alisema. "La joto. Pale ukutani pana baridi."

"Ana namba ngapi?"

"Sabini na mbili."

Mshonaji akafikiri kidogo. "Basi tutaweka bitana nene," akasema, akammiminia chai, wakaanza kuchagua kitambaa.