Daktari wa Salamu

Bibi Juliana alipotea kwenye rejesta yangu mwezi wa sita, nikadhani amekufa.

Nilikuwa na sababu. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya kilicho kilomita tisa kutoka Makambako, ukishaipita Lyamkena. Kazi hii nimeisomea hadi stashahada, na majina ya rejestani nayajua kama mkulima anavyoijua mipaka ya shamba lake. Kwa miaka miwili, baridi ikianza tu, Bibi Juliana alikuja karibu kila wiki akiumwa kichwa. Mwaka huu alikuja mara moja, akaonwa na Daktari Rejoice, basi. Wiki nne zikapita bila jina lake.

Nilimuuliza Rejoice. Akatabasamu, akasema mambo ya mgonjwa hawezi kunipa yeye, ila miguu ninayo, niende nikamwone mwenyewe.

Rejoice alikuwa mgeni kwetu. Tayari ni daktari kamili, lakini alikuwa anasomea ubingwa wa afya ya familia, na serikali ilikuwa na mpango wa majaribio: badala ya kumaliza masomo yote hospitali kubwa, mwaka mmoja afundishwe kwenye kituo ambacho hakijawahi kuwa na daktari. Serikali ilimlipia posho na chumba, na kila Alhamisi ilimleta bingwa kutoka Njombe kuja kumfundisha. Sharti lilikuwa moja. Anayefundishwa aone wagonjwa thelathini kwa siku. Kituo kisichofikisha kinanyang'anywa nafasi, inapelekwa kwingine.

Yeye alikuwa anaona kumi na wanne.

Kila mtu alijua kwa nini. Alikuwa anasalimia. Amezaliwa Mawengi, huko Ludewa, na mgonjwa akiingia humsalimu kama wamekutana njiani kuelekea shambani. Kamwene, kamwene. Kisha wa nyumbani, mmoja mmoja. Kisha viazi, ng'ombe, mvua. Ugonjwa unafikiwa mwishoni, kama vile ulikuwa umesahaulika.

Mganga mfawidhi wetu, Mzee Methodi, ameifanya kazi ya utabibu miaka ishirini na mbili. Yeye huona wagonjwa hamsini na bado anapata muda wa kusoma gazeti. Ndiye aliyembatiza jina la Daktari wa Salamu, na hakulisema kwa kificho. "Kama salamu zinaponya," aliwaambia watu waliokuwa benchini, "tufunge chumba cha dawa, tuajiri mabalozi wa nyumba kumi." Watu walicheka. Halafu wakaendelea kujipanga kwenye mlango wa Rejoice, na hilo ndilo lililonikera akilini. Kwa nini mtu asubiri saa tatu wakati mlango wa pili hauna foleni?

Siku ya Jumamosi nilipanda bodaboda hadi kwa Bibi Juliana. Nilimkuta barazani akimenya viazi, mashavu yamejaa.

"Umekuja kuandika kifo changu, Eveline?" alisema hata kabla sijakaa. "Andika kesho. Leo nina kazi."

Nilimwambia ukweli, kwamba kutoonekana kwake kulinitia wasiwasi. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka, kisha akanisimulia. Rejoice alimuuliza wote nyumbani wameamkaje. Si yeye peke yake, wote. Akajibu kama mtu anavyojibu salamu: tumeamka, ila vichwa vizito. Vya nani? Changu, cha mjukuu, na hata paka analegea asubuhi. Na ukifika huku kituoni? Nikifika barabarani kinaanza kuniachia, mwanangu, nikifika kwenu karibu kimepona, ndiyo maana naona aibu kulalamika.

Daktari akauliza, mnalala na jiko?

Hapa kwetu swali hilo halihitaji maelezo. Baridi ya mwezi wa sita inapasua midomo. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani, dirisha linazibwa kwa gunia, watu wanalala. Mimi mwenyewe nimekua hivyo. Jioni ileile Rejoice alifika kwake kwa miguu, akalitoa jiko nje kwa mikono yake, akaondoa gunia, akamweleza kwamba moshi usioonekana ndio unaoua. Bibi alipata blanketi la pili kwa binti yake. Kichwa hakijarudi.

Jumatatu nilirudi kwenye rejesta nikahesabu. Bibi Juliana alikuwa amekuja mara ishirini na tatu. Mara tisa malaria, mara saba homa ya matumbo, zilizobaki mkojo mchafu. Aliyemwona kila mara ni Mzee Methodi. Mwandiko kila mara ni wangu.

Sikuishia hapo. Nilitafuta wengine waliokuwa wakirudi-rudi na ambao baada ya kuonwa na Rejoice hawakurudi tena. Nilipata tisa. Nikaanza kuwafuata kila nilipotoka kazini.

Wiki ya tathmini ya mpango ule ilipokaribia, Mzee Methodi aliniita ofisini akafunga mlango. Alitaka kila siku nihamishe wagonjwa wake kumi na sita niwaweke kwenye safu ya Rejoice rejestani. Hakuwa na nia mbaya, niseme hivyo. Hata yeye alijua kwamba tukimpoteza daktari, hatutapata mwingine. "Tunamwokoa mtoto wa watu," alisema. Nilimwambia nimesikia. Kisha nikapeleka Njombe hesabu ileile ya kumi na wanne, na nyuma yake ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeuomba: ziara ishirini na tatu za Bibi Juliana, tarehe na dawa, halafu ziara moja, halafu kimya, na chini yake idadi ya wale tisa ambao nao hawakurudi. Kutumia jina la Bibi niliruhusiwa na mwenyewe. Alisema niliandike vizuri.

Tuliitwa Njombe sote watatu. Mwenyekiti wa tathmini, Daktari Agustino, aliuinua ukurasa wangu kwa vidole viwili.

"Nani ameandika hiki?"

Nikasema mimi.

"Fomu zetu ni za Kiingereza, binti."

"Bibi alitaka asomewe ukurasa huo kwa lugha anayoijua kabla haujaondoka, Daktari."

Aliusoma tena, polepole. Kisha akauliza wale tisa wamekwenda wapi, maana mtu anaweza kuacha kuja kwa sababu amepona, na anaweza kuacha kwa sababu amechoka na sisi. Lilikuwa swali zuri, nilikuwa nimelala nalo wiki mbili. Nikamwambia nimewafikia sita. Wanne wazima. Mmoja amehamia Igwachanya kwa mwanawe. Mmoja amefariki, na ndugu zake wanasema ni uzee, nami sina namna ya kujua zaidi.

Akamgeukia Mzee Methodi, akamuuliza kama zile ishirini na tatu ni zake. Mzee akasema ni zake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Rejoice aliinamisha uso.

Walituweka nje zaidi ya saa. Walipotuita, nafasi ilikuwa imebaki kwetu mwaka mwingine. Sharti la thelathini limeshushwa hadi kumi na nane, na mimi nitapeleka kila mwezi hesabu ya wanaorudi na wasiorudi, pamoja na sababu.

Rejoice alibaki ndani kusaini. Mzee Methodi alinipeleka pembeni, karibu na ua. Alisema amenifundisha kazi ile tangu siku ya kwanza, na mimi nimemvua nguo mbele ya watu wa umri wa wanawe. Alisema nafasi ingebaki hata bila ule ukurasa, angekuwa ameipanga yeye. Hakupaza sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angepaza.

"Sitaki mengi," alisema. "Uniombe radhi, yaishe hapahapa."

"Bibi Juliana nimemwomba radhi Jumapili," nilimjibu. "Nilimwandika mara ishirini na tatu na sikuuliza hata mara moja. Lakini wewe, Mzee, sikuombi radhi. Si leo, wala kesho kituoni."