Mikeke kwa Macho ya Mama

"Naona kitambaa chenye maji," Mama alisema.

Nilikuwa nimemshikia mbele ya uso ubao wa picha niliouhangaikia siku tisa: samaki watatu, mikeke, ndani ya beseni, magamba yote yamehesabika, hata miba ya mapezi. Kitambaa! Nilitaka kuuvunja kwa goti.

Mama Thérèse aliuza mikeke sokoni Kalemie miaka thelathini. Presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho moja, na daktari alituambia wazi kwamba la pili halitafika Noeli. Samaki wa kweli aliwapapasa tu. Kwake walikuwa ukungu. Aliniomba nimchoree, awaone tena kabla ya giza. Nami Gauthier, mwandika majina ya mitumbwi, niliyejivunia mkono usiotetemeka, nilishindwa kumpa hicho kimoja.

Nikaenda kujifunza kwa Mama Blandine, ambaye picha zake za vyakula zilitundikwa hata ofisini, katika biro za wakubwa. Hakuwa mtu wa maneno. Alipanga samaki wa chakula chake mezani, akawasha makala kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, akachora. Makala yakishika moto sawasawa, burashi inawekwa chini na samaki wanaingia chunguni. Basi. Hakuna kurudia.

Wiki ya kwanza nilimchungulia kama mwizi. Alikunja macho mpaka karibu kuyafumba, akabandika weusi mpana, akaupitishia weupe ubavuni, na samaki akalala pale, mzito, mbichi. Nilipojaribu mimi, makala yaliwaka sijamaliza jicho la samaki mmoja. Akaninyang'anya burashi yangu nyembamba, akanipa ya kupakia kuta rangi.

"Unaogopa kukosea," alisema. "Fumba macho kidogo. Kile kinabaki, njo kile mama yako anaona."

Nililia bila haya, na moshi haukuwa na kosa. Siku zote zile sikuwa nimejiuliza Mama anaona nini. Nilikuwa najionyesha ufundi wangu mwenyewe, mjinga mimi.

Novemba ikawa inaisha. Nyumbani Mama alianza kumimina chai nje ya kikombe, akikana kwamba imemwagika. Nilichora nikaharibu, nikachora nikaharibu, mpaka asubuhi moja makala yakashika na mimi nikawa nimemaliza. Nikakimbia na ubao, rangi ingali mbichi, hadi nyumbani.

Mama aliusogeza kwenye mwanga wa mlango. Akalaza shingo upande, kama alivyokuwa akiwachagua samaki mbele ya wavuvi.

"Mikeke," alisema. "Watatu. Huyu wa chini njo munene."

Akanigeuzia uso, akanyoosha mkono, akalikosa shavu langu, akalipata.

"Sasa uchore sura yako, mwanangu. Ikuwe kubwa hivi. Na ufanye mbio."