Bahasha za Mwanakheir

Mashavu alikuwa na wiki tatu tu ndani ya nyumba ile ya mtaa wa Sokomuhogo alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba marehemu amemkosoa.

Ilikuwa asubuhi, jua halijachomoza vizuri. Alikuwa jikoni, ghorofa ya juu kabisa, anasukuma donge la unga wa ngano juu ya kibao. Mama mkwe wake, Bi Mwatima, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha, tasbihi mkononi. Bi Mwatima alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili.

"Anasema umetia samli nyingi," alisema bibi yule.

"Nani, mama?"

"Mwanakheir. Anasema samli ikizidi matabaka hayapandi, yanalala."

Mashavu aligeuka. Palikuwa na gunia la makaa, mtungi wa maji na ukuta mweusi kwa moshi. Mtu hapakuwa.

Mwanakheir alikuwa mke wa kwanza wa Usi, mume wake. Alifariki ghafla mwaka wa hamsini na tano, hakuacha mtoto, na Usi alikaa miezi minane kabla ya kumwoa Mashavu kule Makunduchi na kumleta mjini. Usi alikuwa mpimaji karafuu kwenye ghala moja la Malindi, mtu wa maneno machache, na nguo zake zilinuka karafuu hata zikifuliwa mara mbili. Habari za marehemu hakuzitaja. Aliyezitaja ni mama yake, na alizitaja kwa njia ya chakula. Siku ya kwanza tu baada ya fungate alimwambia Mashavu, "Mwanangu, mimi asubuhi nnakula bahasha."

Bahasha zilikuwa vikate vya Mwanakheir. Alifundishwa na jirani yao wa chini, mama mmoja wa Kigoa aliyekuwa akishona magauni, ambaye baadaye alirudi kwao. Unga unasukumwa mwembamba, unapakwa samli, unakunjwa, unapumzishwa, unasukumwa tena, mara nne. Kisha unakatwa vipande vya pembe nne. Katikati inawekwa jibini laini, yaani maziwa ya mgando yaliyofungwa kwenye kitambaa cha melimeli na kuachwa yachuruzike hadi yawe mazito, na juu ya jibini nanasi lililopikwa kwa sukari na mdalasini. Pembe zinakunjwa kuja kati, kama barua inavyofungwa. Zinaokwa kwenye sufuria pana juu ya seredani, jiko la makaa, na mfuniko unapaliwa makaa ili moto utoke juu na chini.

Nyumba nzima hapakuwa na aliyejua vipimo. Bi Mwatima mwenyewe alikuwa mla, si mpikaji. Mashavu alikuwa akijaribu tu, na kwa wiki tatu alikuwa akitoa vitu vigumu kama soli za viatu.

Asubuhi ile alijisemea kwamba huo ni uzee. Hata hivyo alipunguza samli. Alipofunua sufuria, bahasha zilikuwa zimefura, matabaka yamepanda moja juu ya jingine, mepesi kama karatasi. Badala ya kufurahi, alihisi baridi shingoni.

Tangu siku hiyo masomo yakaendelea. Bi Mwatima angeinamisha kichwa upande, kama mtu anayenong'onezwa, kisha angesema: anasema jibini haijakamuka, anasema pembe zipakwe ute wa yai zisifunuke, anasema usikoroge nanasi kwa mwiko ule uliokaangia vitunguu. Mashavu alianza kwa kunyamaza. Kisha akawa anajibu kwa kichwa. Haukupita mwezi akajisikia anasema kwa sauti, "Mwambie nshapaka," na Bi Mwatima akacheka, "Sina haja ya kumwambia, amekusikia."

Lakini kulikuwa na mambo mengine. Kitambaa cha melimeli, alichokiacha kimelowa ndani ya bakuli, alikikuta kimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, na kamba ile Bi Mwatima hakuifikia hata kwa mkongojo. Siku nyingine harufu ya mdalasini ilimpokea kwenye ngazi, naye mdalasini hajautoa kopoini. Alikuwa akipanda ngazi zile huku anasoma Ayatul Kursiy, na akifika juu alisema "Hodi" kabla ya kuingia jikoni mwake mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Usi hakula. Kila asubuhi aliweka sahani mbele yake, na kila asubuhi Usi alikunywa kahawa, akamega mkate wa jana, akavaa kofia yake na kushuka. Hakuwahi kuigusa bahasha hata kwa kidole.

"Hazikupendezi?" Mashavu alimuuliza siku moja.

"Nzuri," alisema Usi, na sahani hakuitazama.

Siku ya Jumatano moja, mvua za masika zinapiga bati la juu ya jiko, Bi Mwatima alikaa kimya tangu alfajiri. Mashavu alikuwa anakunja pembe. Ghafla bibi akasema, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake hasa, "Usi hakula siku ile. Alimwachia sahani mkononi, pale ngazini."

Mikono ya Mashavu ilisimama. "Siku gani, mama?"

"Ndivyo anavyosema. Mwulize Usi."

Jioni Usi aliporudi, Mashavu hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Alimweleza alivyoambiwa, neno kwa neno. Usi alikaa kwenye kidato cha ngazi.

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama hakuwepo, Mashavu. Wiki ile mama alikuwa Nungwi kwa dada yake. Nyumba nzima tulikuwa mimi na Mwanakheir peke yetu, na mimi sikumwambia mtu."

Kisha Usi akasema yote, akiangalia miguu yake. Asubuhi ile alimwambia mkewe kwamba anataka kuoa wa pili, kwa sababu ya mtoto. Mwanakheir hakulia wala hakugomba. Alipanda jikoni, akamaliza kuoka, akamfuata na sahani mpaka hapo ngazini. "Akasema, kula basi kabla hujatoka. Nikamwambia sitaki. Nikafunga mlango. Adhuhuri nikafuatwa ghalani. Nilipofika nyumbani nilikuta viatu vya majirani vimejaa mlangoni. Moyo, daktari alisema."

"Ulitaka kumwoa nani?"

Usi aliinama, akavua kiatu kimoja.

"Usi. Nani?"

"Nilikuwa nshakuona wewe. Kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, kule kwenu."

Mashavu alihisi ukuta umemsogelea. Siku zote alidhani yeye alikuja kujaza pengo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ndani ya maneno ya asubuhi ile. Na aliyemfundisha kukunja pembe, aliyemfulia kitambaa, alikuwa akijua tangu siku ya kwanza.

Hakulala vizuri. Alfajiri alifunga nguo zake kwenye kanga, akaamua kwamba akishampa mama mkwe chai atakwenda Darajani kupanda gari la shamba arudi kwao. Alipanda jikoni, akawasha seredani kwa mazoea tu, akabandika nanasi. Bi Mwatima aliletwa na Usi, akakalishwa kwenye mkeka. Usi akabaki amesimama mlangoni.

Mashavu alipiga magoti mbele ya bibi. "Mama, yupo?"

"Yupo."

"Mwulize, ananitakia nini? Kama ni kisasi, aseme. Kama anataka niondoke, nguo zangu nshazifunga. Mwambie sikujua. Wallahi sikujua."

Bi Mwatima aliinamisha kichwa. Alisikiliza muda mrefu, midomo ikitikisika bila sauti. Mvua ilikuwa imekatika, na chini uchochoroni mtu wa kahawa alikuwa anagonganisha vikombe vyake.

"Anasemaje, mama?" Usi aliuliza.

"Anasema nanasi linaungua."

Mashavu aliruka, akaipua sufuria. Kweli, sukari ilikuwa imeanza kushika chini. Alisimama pale na sufuria mkononi, machozi yanamtoka, asijue analia kwa woga au kwa kitu kingine. Kisha akavuta kibao, akanyunyiza unga, akaanza kusukuma.

Zilipoiva, Usi hakungoja kuwekewa. Alichukua moja kwenye sufuria, ya moto, ikamchoma vidole. Alikwenda nayo kwenye ngazi, akakaa kwenye kidato cha tatu, akaila yote. Akarudi akachukua ya pili. Hakusema ni tamu wala si tamu. Siku hiyo alichelewa kazini.

Bi Mwatima alifariki mwezi wa mfungo saba, ule unaofuata wa Maulidi, usingizini. Baada ya hitima Usi akaanza maneno ya kuhama. Nyumba ile, alisema, haimpi pumzi. Alipata nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, upande wa Ng'ambo, mtaa wa Vikokotoni, yenye ua na mfereji wake wa maji.

Mashavu alikwenda kuitazama. Ilikuwa nyumba nzuri, haina walakini. Aliingia jikoni peke yake, akasimama katikati, akangoja. Alisikia kuku wa jirani, na mtoto akilia mbali. Harufu ilikuwa ya chokaa mbichi, basi.

"Umeipenda?" Usi aliuliza alipotoka.

"Nzuri," alisema. "Lakini mimi sihami."

"Si wewe uliyekuwa ukiogopa?"

"Naogopa mpaka leo. Ila hapa nitakuwa peke yangu, Usi."

Wakabaki Sokomuhogo. Wa kumfikishia maneno alikuwa hayupo tena, na Mashavu hakusikia kitu kwa masikio yake. Lakini majirani waliopanda asubuhi kuomba moto walimkuta akipika huku amesogea upande mmoja wa kibao, kama mwanamke aliyembakishia mwenziwe nafasi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.