Klarineti Ndefu na Klarineti Fupi

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019. Asubuhi ukungu ulifunika mji wetu wa Litovel wote, na barafu nyembamba ilishika vioo vya madirisha. Kabla ya kwenda kiwandani kwetu, tunakotengeneza jibini, nilipita kanisani nikaomba jambo moja tu: Jumapili nipige muziki kwenye misa pamoja na wenzangu saba.

Nina miaka sitini na moja. Klarineti, ala ya kupuliza, nilianza kujifunza juzijuzi tu, darasa la jioni, baada ya kumzika mume wangu.

Mwalimu wetu, Bi Vrbová, hupiga zumari na kutuongoza. Jioni hiyo alitangaza, "Atakayeharibu leo, Jumapili kiti chake atakikalia mwanafunzi wangu wa mjini Olomouc."

Tulipiga kipande kipya, cha mtunzi ambaye bado yu hai. Kisha akaturudisha kwenye kile cha zamani, kilichotungwa kwa karamu ya bustanini zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kinaanza kwa sauti moja ndefu ya pembe na klarineti ya pili, yaani mimi.

Ilitoka mbaya kama mlango usiotiwa mafuta.

"Bwana Hruška!" Bi Vrbová alimfokea mpiga pembe. "Ni yale meno ya bandia?"

"Meno yangu mapya kuliko zumari lako, mama."

Watu wakacheka. Tukarudia. Mbaya vilevile.

"Basi, mzee. Jumapili pumzika."

Hruška akaanza kumwaga polepole maji ya pumzi yaliyojikusanya ndani ya pembe yake. Mzaha ulikuwa umemwisha.

Hapo nikatazama mikono yangu. Kipande kipya hupigwa kwa klarineti ndefu, cha zamani kwa fupi. Zinapishana urefu kwa upana wa vidole viwili tu, lakini ndefu iko chini nusu sauti. Nilikuwa nimesahau kubadili. Fupi ilisimama kwenye kigingi chake, karibu na goti langu. Ningeweza kuichukua kimyakimya.

Ee Bwana, nisaidie.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeshika ndefu."

"Zdislava, wee mwanamke!" Hruška akapiga paja. "Nilishaanza kuyalaani meno yasiyo na kosa!"

Bi Vrbová hakucheka. Alimwomba mzee radhi, kisha akanigeukia. "Nilichosema nimesema. Jumapili utakaa na waumini."

"Ndiyo, mwalimu." Nikaanza kukusanya karatasi zangu za muziki.

Alinitazama kidogo, kisha akasimama.

"Nyote sikieni. Misa ya Krismasi, kiti hicho ni cha Zdislava. Naahidi mbele yenu, na nikigeuka, mninyang'anye zumari."