Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Mimi nina hasira za karibu, na mke wangu Sundus hachoki kunikumbusha, kwa hiyo niseme mapema: siku ile dukani nilimfokea mtu asiye na kosa. Nilimfokea Wayne, fundi mwenzangu wa mabasi kule Rockville, aliyeacha Jumamosi yake kuja kumsaidia binti yangu kuchagua bunduki. Lakini kabla hamjanihukumu, nisikilizeni kwanza.

Binti yangu ni Safa. Ana miaka kumi na miwili, na ana mashoto. Anaandika kwa kushoto, anarusha mpira kwa kushoto, na asingekuwa mama yake angekula pilau kwa kushoto. Tangu anatambaa nilishaona ule mkono unavyotangulia, nikaapa kwamba hakuna mtu atakayeugeuza. Wangu mimi uligeuzwa. Aliyeugeuza ni baba yangu mzazi, na kwa miaka thelathini na saba sikumsamehe.

Habari ya bunduki ililetwa na swala. Hapa Germantown, Marekani, tunawaita swala kwa sababu hatuna jina jingine, lakini ni wanyama wakubwa, wamenenepa kwa maua ya watu, wanakuja mpaka mlangoni wakikutazama kama wewe ndiye mgeni. Safa huniambia, "Baba, swala imepita tena," nami namjibu kwamba huyo amepita, iliyopita ni ile swala ya alfajiri iliyomkuta amelala. Mtoto wa kuzaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote, kukisema ndiyo kazi.

Mwaka jana Wayne alitupa paja zima la swala aliyempiga mwenyewe. Sundus alilitazama, akauliza nani alisema bismillahi wakati wa kupiga. Nikamwambia Wayne ni mtu mwema sana lakini hilo sidhani. Paja likarudi kwa mwenyewe kwa adabu na sahani ya visheti juu yake. Safa alikuwa amekaa ngazini anasikiliza. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba basi atakwenda kumpiga yeye, na bismillahi ataisema yeye, halafu tuone mama atakataa nini.

Mimi nilicheka. Mtoto hakucheka. Akasoma kozi ya usalama ya wawindaji, akafanya mtihani, akafaulu. Sundus akaweka masharti: bunduki ikae kwenye kabati la chuma, ufunguo akae nao yeye, risasi zikae mbali, na siku ya kwanza atakayoikuta mahali pengine itaondoka pamoja na mimi. Nikayakubali yote. Wayne akasema dada yake ana shamba kule magharibi karibu na milima, na kwamba kuna siku mbili za watoto kuwinda kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Sasa niseme kweli. Mwenye furaha nyumbani nilikuwa mimi kuliko Safa. Nilikuwa silali vizuri, namkumbuka baba na gobole lake.

Kwetu ni Rufiji, upande wa Utete. Mpunga ukishavunwa na nyasi zikikauka, baba alikuwa akilitoa gobole darini, analifuta kwa mafuta ya nazi polepole, hataki mtu aongee naye. Baruti aliitunza kwenye mwanzi uliozibwa kwa nta. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ule mwanzi, na niliushika kama nimeshika roho ya mtu. Akiondoka alfajiri mama alikuwa hamuagi, kwa sababu mwindaji haagwi, ila jungu lilikuwa linateremshwa linaoshwa kabisa. Halafu jioni tunasikia sauti yake akikohoa njiani, na kwa namna ya kukohoa tu tulijua kama amepata kuro, au funo, au amerudi na miguu yake tu. Harufu ya baruti kwenye shati lake ilikuwa ndiyo harufu ya baba. Mpaka leo fataki zikipigwa sikukuu ya hapa mwezi wa saba, watu wanatazama juu, mimi navuta pua.

Nilipofika miaka kumi na mmoja akasema nimekua, atanifundisha. Sijapata furaha nyingine kama ile. Nikalipokea gobole, nikaliweka begani, bega la kushoto, kama Mungu alivyoniumba. Baba akalinyakua. Hakufoka. Alisema, "Mkono huo haushiki bunduki." Akaliweka bega la kulia. Mimi nikalirudisha kushoto bila kukusudia. Safari ya tatu akachana upindo wa kanga ya mama, akanifunga mkono wa kushoto kiunoni. Nilishinda hivyo siku nne, watoto wenzangu wananicheka, wananiuliza kama nimeiba.

Siku ya tano tukaenda porini. Kuro alisimama hatua thelathini, ubavu wote uko wazi, na mimi kwa bega la kulia simuoni sawasawa, jicho linahangaika. Nikapiga. Kuro akaondoka zake wala hakukimbia sana. Baba hakusema neno, na mwaka uliofuata akamchukua mdogo wangu, Fahmi. Fahmi akapiga kuro, akapiga funo, akawa mwindaji. Mimi nikawa wa kubaki nyumbani na mama kuosha jungu, nasikia mlio wa bunduki toka mbali, nauchukia. Nilijua sababu. Mkono wa kushoto ni wa chooni, na mimi nilikuwa mtoto wa mkono wa chooni. Nikaondoka Utete na neno hilo kifuani, nikavuka nalo bahari.

Baba yuko hai, amevuka themanini. Fahmi hunitumia ujumbe, kaka, mzee ananyong'onyea, anakuulizia. Mimi nampigia Idi kwa Idi. Shikamoo, marahaba, afya, mvua, basi.

Haya, tufike dukani. Duka liko mbele ya Frederick, kubwa, bunduki zimepangwa ukutani kama mafagio. Wayne alikuwa amefika kabla yetu, ameshika kofia. Alimweleza Safa mambo kwa upole, akamfundisha kwamba bunduki ya kwanza isiwe nzito wala isipige teke kubwa, kwa sababu mtoto akiumizwa bega siku ya kwanza atafumba macho maisha yake yote. Kitako kiwe kifupi kulingana na mkono. Muuzaji akaleta moja, ndogo, nzuri wallahi, mbao yake imeiva. Safa akaipokea, akaielekeza mtutu chini kama alivyofundishwa, akaomba ruhusa, akaiweka begani. Bega la kushoto. Ikamkaa. Nilimwangalia mtoto yule, moyo ukanijaa, nikageuka upande kujifanya nasoma bei.

Wayne akakuna kidevu. Akasema tatizo ni kwamba hiyo ni ya mkono wa kulia, kile kikomeo cha kuvuta kiko upande wa kulia, mtoto atakuwa anavusha mkono juu kila akitaka kupakia. Muuzaji akasema za kushoto kwa saizi ya watoto ni chache, hapo hana, pengine ziagizwe. Basi Wayne, mtu wa watu, akasema tu kwamba wapo watoto wengi wa kushoto wanaojifunza bega la kulia, wiki mbili zinatosha, wajaribu.

Ndipo nikalipuka. Nilimwambia mtoto wangu hageuzwi. Nikamwambia si yeye wala mtu yeyote atakayemfunga mkono binti yangu, na kama hakuna bunduki ya mkono wake basi hakuna uwindaji, tunarudi nyumbani. Duka zima lilinyamaza. Na katika duka la bunduki, mtu mweusi akipaza sauti, kunyamaza kule si kuzuri. Safa akanishika mkono wa shati. Akaniambia, kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi mbele za watu, "Baba, kulia si ni wa kulia chakula? Mimi sili bunduki."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikujua lianze lipi. Nikamuomba Wayne radhi. Nikamweleza kwa ufupi, nikiona haya, kwamba mimi nilifungwa mkono nikiwa mdogo, na baba yangu, kwa ajili ya bunduki.

Wayne hakusema pole. Yeye ni fundi, akaniuliza ilikuwa bunduki ya aina gani. Nikamwambia ya kushindilia baruti kwa mbele, fataki, kile kidude kidogo cha kuwashia baruti, inawekwa kwa nje, nyundo inaipiga. Akamuomba muuzaji amshushie moja iliyokuwa juu kabisa ukutani, ya kizamani, ya kushindilia vilevile. Akanipa, akaniambia niiweke bega la kushoto, nilaze shavu.

Nikaiweka. Kwa mara ya kwanza tangu utoto niliweka bunduki bega langu la haki. Nikalaza shavu, nikafumbua jicho, na mbele ya jicho langu la kushoto, karibu kiasi cha vidole viwili, nikaiona ile nyundo na ile sehemu ndogo ya chuma ambapo fataki hukaa. Wayne akagusa pale kwa kidole. Akasema hizi zote zilitengenezewa watu wa kulia, moto unatokea hapa, na mtu wa kushoto uso wake uko hapa. Bunduki za siku hizi haziwi hivyo. Lakini za zamani, tena zilizochongwa na mafundi wa vijijini, vipande vya fataki viliruka na moto wake. Alisema babu yake hakumruhusu mtu wa kushoto hata kuzigusa.

Nilikuwa nakumbuka kitu ambacho kilikuwepo miaka yote na sikukitazama. Mimi naandika kwa kushoto. Nilisoma Utete, shuleni na madrasa, nikaandika kwa kushoto, na baba aliniona kila siku kwenye taa ya chemli akiwa amekaa ananisikiliza nikisoma. Hakuwahi kuugusa mkono wangu. Kwenye sinia mama ndiye aliyenipiga kofi, si yeye. Upindo wa kanga ulifungwa siku zile nne tu, za gobole.

Nilimuachia Wayne bunduki na mtoto, nikatoka nje kwenye maegesho. Huku ilikuwa saa tano asubuhi, kwetu magharibi imeshaingia. Nikampigia Fahmi. Akashtuka, akauliza kuna nini, si Idi. Nikamwambia nipe baba.

Alichukua muda kuishika simu. Nikamuamkia, akaitikia kwa ile sauti iliyobaki kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikamuuliza moja kwa moja kama alinifunga mkono kwa sababu ya fataki.

Akasema, "Macho yako yote mawili unaonea?"

"Naonea, baba."

"Basi."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Miaka yote ile, mbona asiniambie. Akasema mtoto wa miaka kumi na mmoja ukimwambia bunduki itamtoboa jicho, hataishika tena, na mimi niliitaka sana. Akasema aliponiona nimemkosa yule kuro alijua kwa bega la kulia sitaweza, na kwa kushoto hawezi kuniacha, kwa hiyo akamchukua Fahmi. Alidhani nikikua nitaielewa mwenyewe. Alipoona nimekua na sijaielewa, na nimeshakuwa mtu wa Idi kwa Idi, aliona haya kuanza.

Nililia pale kwenye maegesho, mtu mzima, nimeegemea gari langu. Watu wanapita na maboksi yao wananikwepa. Baba alinisikia, akaniacha nilie, hakunikatiza.

Nikamwambia niko kwenye duka, namnunulia mjukuu wake bunduki ya kuwindia. Akaamka kabisa, sauti ikapata nguvu. Akauliza ni huyu Safa, msichana? Nikasema ndiye. Akauliza anajua kunyamaza porini? Nikasema anajua kuliko mimi. Akauliza mkono gani.

"Wa kushoto, baba. Kama mimi."

Akaguna. Akasema niangalie sana moto unatokea upande gani, nisimsikilize muuzaji, niweke shavu langu mwenyewe kwanza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, huku zipo bunduki za kushoto. Zinatengenezwa hivyo kiwandani, kila kitu kimegeuzwa upande wa pili, naagiza moja sasa hivi, na kama itachelewa siku za watoto, atangoja mwaka ujao.

Hakujibu. Nikadhani simu imekatika, nikaita, baba, baba.

"Zipo?" akasema.

"Zipo."

Nikasikia akivuta pumzi, na nyuma yake Fahmi akimuuliza kama yuko sawa.

"Ningeipata wapi mimi, Shamte," akasema. "Utete hii, ningeipata wapi."

"Usingeipata, baba," nikamwambia. "Usingeipata popote."